Hewa haiandikwi kwenye cheti cha kifo

Tarehe 16 Desemba 2020, mchunguzi wa vifo wa kusini mwa London, Philip Barlow, alitoa uamuzi ambao haukuwa umewahi kutolewa Uingereza: hewa chafu ilichangia kifo cha Ella Adoo-Kissi-Debrah. Mtoto huyo alifariki Februari 2013, akiwa na miaka tisa. Alikuwa na pumu kali. Katika miaka yake mitatu ya mwisho alikimbizwa hospitalini zaidi ya mara 25. Nyumba yao, eneo la Lewisham, ilikuwa karibu mita 30 tu kutoka South Circular, barabara kuu isiyolala. Uchunguzi wa kwanza, uliofanyika 2014, ulisema alishindwa kupumua kwa sababu ya pumu, faili likafungwa. Mama yake, Rosamund, mwalimu wa shule, hakukubali.

Kilicholifungua tena faili hilo ni kazi ya Profesa Stephen Holgate wa Chuo Kikuu cha Southampton. Alichukua tarehe ambazo Ella alizidiwa, akazilinganisha na rekodi za kituo cha kupimia hewa cha Catford, kama kilomita moja na nusu kutoka nyumbani kwao. Tarehe zikalandana, kwa kiasi cha kushangaza, na siku ambazo gesi na vumbi vilipanda. Ukaidi wa mama ulifanya kazi kubwa, na mawakili pia. Lakini bila rekodi za lile sanduku la Catford, wote hao wasingekuwa na cha kushika mkononi.

Sasa mhamishie Ella huku kwetu Afrika Mashariki. Mpe chumba Tandika, Kayole au Bwaise, dirisha likitazama kituo cha daladala au matatu, na jirani akiwasha jiko la mkaa kibarazani saa kumi na moja alfajiri. Kifua kinambana, anapelekwa zahanati kwa bodaboda, anavutishwa dawa, anarudi nyumbani. Siku moja harudi. Daktari ataandika pumu, au nimonia, na hatakuwa amekosea. Hakuna atakayeuliza hewa ya mtaani ilikuwaje jana yake, kwa sababu mtaa ule hauna kifaa cha kuipima.

Tunapoizungumzia hewa ya mijini tunapenda kuanza na mamilioni. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa hewa chafu ya nje ilisababisha vifo vya mapema milioni 4.2 mwaka 2019, na moshi wa majumbani milioni 3.2 mwaka 2020. Sina ugomvi na hesabu hizo. Ila ni makadirio ya kitaalamu, yametolewa kwenye kompyuta, wala hayana jina la marehemu hata mmoja. Kipindupindu kikiua watu ishirini Buguruni, mkuu wa mkoa anafika siku hiyohiyo, na wauza matunda wanafukuzwa barabarani. Hewa ikiua, hakuna anayefukuzwa popote.

Waingereza wenyewe walijifunza hili kwa shida. Kati ya tarehe 5 na 9 Desemba 1952, hewa baridi ilijilaza juu ya London ikiwa imefunikwa na tabaka la hewa ya joto, na moshi wa makaa ya mawe kutoka majumbani, viwandani na kwenye mitambo ya umeme ukakosa pa kwenda. Watu hawakuona miguu yao. Onyesho la opera katika ukumbi wa Sadler's Wells lilikatishwa kwa kuwa ukungu uliingia hadi ndani. Na bado, wakati ukitokea, wengi waliuona kuwa ni ukungu mnene tu, jambo la kawaida la mji wao. Wauza majeneza ndio waliohisi mapema kuna kitu, kisha takwimu za vifo zikathibitisha: watu 4,000 zaidi ya kawaida. Vifo vilivyoendelea hadi mapema 1953 serikali iliviwekea lebo ya mafua. Watafiti waliorudi kwenye takwimu hizo miongo kadhaa baadaye walikadiria kuwa jumla ilifika kama 12,000. Sheria ya hewa safi ilipitishwa 1956, miaka minne baada ya mazishi.

Kwa nini hewa hujificha vizuri hivi nyuma ya magonjwa mengine? Jibu liko kwenye ukubwa wa chembe. Wataalamu hufuatilia zaidi chembe zenye upana usiozidi mikromita 2.5, yaani karibu sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele. Vumbi la kawaida la barabarani, lile linalotufanya tupige chafya, hunaswa na vinyweleo vya puani na makamasi. Hizi ndogo hupita. Hushuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, pale hewa inapokutana na damu, na zile ndogo zaidi huvuka ukuta huo. Mwili huzikabili kama adui: mishipa huvimba kwa ndani, damu huwa rahisi kuganda, moyo hufanya kazi kwa taabu. Ndiyo maana, kwa makadirio ya WHO, asilimia 68 ya vifo vya 2019 vilivyotokana na hewa ya nje vilikuwa vya moyo na kiharusi. Magonjwa sugu ya njia ya hewa yalichukua asilimia 14, maambukizi ya mapafu 14, na saratani ya mapafu 4. Mzee anayeanguka bafuni na kupooza upande mmoja, sisi husema ni presha. Inawezekana kabisa ni presha. Swali la kilichoisukuma presha hiyo kwa miaka thelathini halipati mwenyewe.

Chembe hizo hazimsubiri mtu azaliwe. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hasselt, Ubelgiji, walionyesha kuwa masizi yanayovutwa na mama mjamzito hufika kwenye kondo la nyuma, upande wa mtoto. Wajawazito wanaoishi kwenye hewa chafu wamo kwenye hatari kubwa zaidi ya kuzaa kabla ya wakati au kuzaa watoto wenye uzito mdogo. Mtoto akishazaliwa, hupumua haraka kuliko mtu mzima, na kimo chake kinamweka karibu na bomba la moshi la gari. Mwanafunzi wa darasa la kwanza anayesubiri basi pembeni mwa Barabara ya Mandela anavuta uchafu wa kiwango ambacho baba yake, aliyesimama naye, hakipati.

Na hapa ndipo panaponikera zaidi. Husemwa kwamba hewa ni ya wote, tajiri na maskini, na si kweli. Kiasi cha uchafu hushuka haraka ukiiacha barabara kuu; mita mia moja au mia mbili tu ndani ya mtaa hufanya tofauti inayopimika. Konda anayening'inia mlangoni, askari wa trafiki kwenye makutano, machinga wa Kariakoo, mama lishe aliyeinamia moshi wake huku basi likimpulizia mwingine mgongoni, wote hawa huuza saa zao palepale kwenye chanzo. Mwenye gari na kiyoyozi naye asijidanganye: kwenye foleni, gari lililo nyuma ya lori huvuta moshi wa lori. Ila yeye hukaa humo saa mbili, konda hukaa kumi na nne.

Moshi wenyewe unatoka wapi? Kwa miji yetu hakuna chanzo kimoja cha kubeba lawama, na hilo limekuwa kisingizio kizuri. Kuna magari makuukuu ya dizeli, vumbi la barabara zisizo na lami, taka zinazochomwa uani na madampo yanayofuka mwaka mzima. Dandora, Nairobi, dampo lililofunguliwa 1975, ni mfano unaojulikana dunia nzima. Mwaka 2007 utafiti uliofadhiliwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP), lenye makao yake Gigiri, upande mwingine wa jiji hilohilo, uliwapima watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na dampo hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika wakati ule, na wengi walikuwa na matatizo ya kupumua. Dampo bado liko palepale.

Halafu kuna mkaa. Ripoti ya Benki ya Dunia ya 2009 ilikadiria kuwa Tanzania ilikuwa ikitumia kama tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, na karibu nusu iliishia Dar es Salaam. Moshi wa mkaa hauonekani sana kama wa kuni, na ndiyo hatari yake: gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi huko nyanda za juu husikika familia iliyolala na jiko ndani ya chumba kilichofungwa. Gharama ya msituni nayo ina kipimo. Watafiti waliofuatilia misitu kuizunguka Dar es Salaam kati ya 1991 na 2005, na kuchapisha matokeo yao 2010, waligundua kuwa mpaka wa uchomaji mkaa ulikuwa ukisogea mbali na jiji kilomita mbili kila mwaka, na ule wa uvunaji wa mbao za thamani kilomita tisa. Kwa lugha ya kawaida, jiji lilikuwa linakula msitu likielekea Rufiji, na majivu linayavuta lenyewe.

Gesi za magari, zikipigwa na jua kali, huzaa pia ozoni ya karibu na ardhi, inayochoma mapafu na kudumaza mazao kwenye mashamba yaliyo upande unakoelekea upepo. Pwani tuna bahati ya upepo wa bahari. Mchana unapovuma, uchafu mwingi wa Dar na Mombasa husukumwa bara. Kampala haina bahati hiyo. Ni mji wa vilima, na alfajiri hewa baridi hushuka na moshi wake mabondeni, kwenye mitaa ya watu wengi na vipato vidogo, ikakaa humo hadi jua lipande.

Si ajabu basi kwamba kazi nzuri zaidi ya kupima hewa katika ukanda huu imeanzia Kampala. Mwaka 2015, Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha mradi wa AirQo chini ya Profesa Engineer Bainomugisha (Engineer ni jina lake, si cheo). Mtambo mkubwa wa kupimia hewa unaotumika Ulaya huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, unataka umeme usiokatika na chumba chenye ubaridi. Vijana wa Makerere waliunda kifaa cha bei ya sehemu ndogo ya hiyo, kinachovumilia vumbi, joto na umeme wetu wa kukatika, na kinachotuma vipimo kupitia mtandao wa simu. Vingine wakavifunga kwenye paa za majengo, vingine kwenye bodaboda ili vizunguke mji mzima na abiria wake. Mkazi wa Kampala aliweza kuona kwenye simu kwamba chembe ndogo kwenye hewa anayovuta ni mara kadhaa ya kikomo cha WHO, ambacho tangu 2021 ni wastani wa mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka.

Kwa nini ni muhimu vifaa viwe vyetu? Kwa miaka kadhaa, moja ya rekodi zilizotegemewa sana Kampala ilitoka kwenye kifaa kilichokuwa ubalozi wa Marekani. Machi 2025, serikali ya Marekani ilisitisha kurusha vipimo vya hewa kutoka balozi zake duniani, ikitaja bajeti. Siku moja takwimu zipo, siku ya pili hazipo, na hakuna mwananchi wa Uganda aliyepiga kura juu ya hilo.

Sheria tunazo. Tanzania ilitunga kanuni za viwango vya ubora wa hewa mwaka 2007, Kenya 2014, Uganda 2024. Ukizisoma utaona gesi zimetajwa, vikomo vimewekwa, adhabu zimeandikwa. Lakini mtaa usiopimwa hauwezi kuvunja kikomo, hata ukifuka usiku kucha. Kanuni isiyo na vipimo ni mizani isiyo na mawe.

Pale vipimo vinapopatikana, mambo hubadilika, hata kama ni kwa miaka mingi na machozi. Owino Uhuru, Mombasa, ni mtaa wa watu wa kipato cha chini uliopakana na kiwanda kilichoyeyusha betri za magari ili kutoa risasi, kilichoanza 2007. Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani hapo 2009. Mwanawe mchanga akaugua homa zisizoeleweka, malaria na homa ya matumbo havikuonekana, hadi damu yake ilipopimwa ikakutwa na risasi, iliyompata kupitia maziwa ya mama. Omido aliacha kazi, akawapeleka watoto wa majirani kupimwa, akakuta hali ileile. Alikamatwa, akashtakiwa, akaachiwa. Kiwanda kilifungwa 2014, mwaka uliofuata naye akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Moshi ulishakatika zamani. Risasi iliyotua kwenye udongo, kwenye mabati na kwenye mifupa ya watu haiozi.

Tofauti ya Owino Uhuru na Tandika yetu haiko kwenye ubaya wa sumu pekee. Damu ilipimwa, majibu yakaandikwa kwenye karatasi, karatasi ikaenda mahakamani.

Risasi hiyohiyo ina habari nyingine ambayo wengi wameisahau, na inastahili kusimuliwa kwa sababu ilifanikiwa. Tangu miaka ya 1920, petroli duniani ilichanganywa na risasi ili injini zisigonge, kazi ya mkemia wa Marekani Thomas Midgley. Kwa miongo kadhaa, kila gari lilipopita lilimwaga sumu inayopunguza akili za watoto. Juni 2001 nchi za Kusini mwa Sahara zilikutana Dakar na kukubaliana kuiondoa. Kufika Januari 2006 ilikuwa imeondoka karibu kote. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, Julai 2021. Hakukuwa na maandamano Dar es Salaam wala Nairobi. Watu waliokuwa wanajaza mafuta Desemba 2005 hawakujua kuwa Januari wanajaza kitu kingine. Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zikashusha pia salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 katika milioni, tena kimyakimya.

Mafuta yakisafika, kilichobaki ni gari lenyewe. Petroli isiyo na risasi ndiyo inayoruhusu kifaa kile kilicho kwenye bomba la moshi, ambacho mafundi wa Dar hukiita masega, kufanya kazi ya kupunguza gesi chafu, kwa kuwa risasi ingekiua. Lakini masega yana madini ya thamani, platinamu na wenzake, kwa hiyo hunyofolewa na kuuzwa, na gari linarudi barabarani likiwa na bomba tupu na mngurumo wa kujivunia. Kenya huzuia kuingiza magari yenye zaidi ya miaka minane. Ni hatua nzuri, ingawa umri wa gari hausemi fundi aliligusa nini jana.

Yapo yanayotokea sasa ambayo yanatia moyo, kwa viwango tofauti. Mwendokasi wa Dar es Salaam, ulioanza Mei 2016 kati ya Kimara na mjini, ulionyesha kuwa basi moja refu laweza kuondoa daladala kadhaa barabarani. Msongamano wa ndani ya basi ni makala nyingine. Kigali hufunga barabara kwa magari Jumapili mbili kwa mwezi, na kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa mjini humo zinatakiwa kuwa za umeme. Tanzania ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania kufikia 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziliagizwa kuachana na kuni na mkaa.

Ukienda kwenye vituo vya gesi asilia Dar es Salaam utakuta foleni ndefu ya bajaji na teksi. Muulize dereva yeyote kwa nini amefunga mtungi wa gesi kwenye gari lake, naye atakutajia bei ya petroli. Hatataja mapafu. Sioni ubaya wowote katika jibu hilo. Linatuambia mlango uko wapi. Gesi ya Songo Songo ilishinda kwa madereva kwa sababu ilikuwa nafuu kwa siku, na dereva wa bajaji huishi kwa hesabu ya siku.

Mama lishe naye huishi kwa hesabu hiyohiyo, lakini kwake imegeuka. Mkaa unauzwa kwa kopo: hela ya leo, chakula cha leo. Mtungi wa gesi unataka hela ya wiki tatu kwa mkupuo, na hata pale ambapo kwa mwezi ungekuwa nafuu kuliko makopo yote ya mkaa, hana mwezi mkononi. Serikali na wafadhili wamegawa mitungi mingi ya bure, na mingi imeishia kona ya chumba baada ya gesi ya kwanza kuisha. Dawa ya hilo imeshavumbuliwa na kujaribiwa Dar es Salaam na Nairobi: mita ndogo inayofungwa kwenye mtungi na kumruhusu mtu kununua gesi ya shilingi elfu moja au chini ya hapo kwa simu, kama anavyonunua umeme wa LUKU. Kinachobishaniwa ni nani alipie mita.